Mzee Masjala na Diski Isiyotaka Kupangwa

Ukitaka kumkasirisha Mzee Masjala, usimtukane. Matusi huyasikia na kuyasahau kabla hujafika mlangoni. Wewe chukua faili kutoka rafu ya tatu, lisome, kisha lirudishe rafu ya nne. Hapo umemgusa pabaya. Atavua miwani, ataifuta kwa pindo la shati, ataivaa tena, na ndipo atakuuliza kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayejizuia asilie: "Ndugu yangu, kwani kwako sufuria zinalala kitandani?"

Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mshahara, na huko ndiko lilikoishia. Ofisi nzima, kuanzia mkuu hadi mfagiaji, ilimwita Mzee Masjala, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa ndani ya chumba kile cha mafaili, katika ofisi iliyoshughulika na viwanja vya watu: nani kapewa kipi, mpaka unapita wapi, nani kamuuzia nani na nani anakana kwamba aliuza. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kina rafu za chuma mpaka darini, ngazi ya mbao ya kupandia, dirisha moja lenye wavu, na kidirisha kingine kidogo cha kuhudumia wananchi, ambacho alikifungua na kukifunga kwa raha ya mwenye duka lake. Mikono yake ilinuka karatasi kuukuu. Mkewe alisema harufu hiyo haitoki hata kwa sabuni mbili, na alikuwa amejaribu.

Kama kuna kitu kilichomnyima raha miaka hiyo yote, ni mafaili yaliyonenepa. Faili likijaa hufunguliwa jalada la pili, kisha la tatu, na pale rafuni lilipokaa la kwanza hakuna tena nafasi. Basi la kwanza linabaki karibu na mlango, la pili linasukumwa dirishani, la tatu linajibanza juu kabisa pamoja na buibui. Mwananchi anakuja kuuliza habari za kiwanja kimoja tu, naye Mzee Masjala anapanda na kushuka ngazi mara tatu, magoti yakimlilia. Alikuwa akiota usiku kwamba rafu zote zimetanuka, na akiamka alikuwa mkali mpaka saa nne.

Kwa hiyo siku ile fundi kompyuta alipoitwa kutazama kompyuta ya kwanza ya masjala, iliyokuwa imeanza kujikokota, Mzee Masjala alisimama nyuma yake shingo upande, basi tu asije akaambiwa hakuwapo. Fundi akafungua programu fulani. Skrini ikajaa vijumba vidogo vya rangi, vya kijani, vya bluu, na vyekundu vilivyotapakaa kila pembe.

"Hivi vyekundu ni vipande," fundi akasema. "Kompyuta ikihifadhi faili inalikata vipande, inavitupia popote inapoona nafasi. Ukiliomba, kuna kisindano ndani ya diski kinakimbia huku na huku kuvikusanya. Ndiyo maana inachelewa. Sasa programu hii inavirudisha pamoja. Sisi tunaita difragi."

Mzee Masjala akaona kijumba chekundu kikitoweka kule pembeni na kutokea katikati, kijani, karibu na ndugu zake. Kikafuata kingine. Na kingine. Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Lo!" akasema. "Kumbe humu ndani kuna mtu wa masjala!"

Tangu siku hiyo, jamani, hakushikika. Difragi aliliona ni jina la kihuni. Yeye aliita kupanga. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alifungua programu yake, akabonyeza kwa kidole kimoja, kidole kile kile alichochapia barua zote, kisha akatangaza hali ya hatari. Mlango usibamizwe. Kiwiko kisiwekwe mezani. Mwenye chafya akaipigie nje. Mwananchi akigonga, Mzee Masjala alifungua kidirisha kiasi cha pua kupita.

"Rudi kesho, ndugu yangu. Inapanga."

"Nani anapanga?"

"Mashine."

"Inapanga nini?"

"Wewe unadhani kiwanja chako kitaonekanaje?" akajibu, na kidirisha kikafungwa, pa!

Kisha akarudi kitini na kikombe chake cha chai, akavitazama vile vijumba kama watu wengine wanavyotazama mpira. Alishangilia, alilaumu. "Huyo wa pembeni, huyo! Unamwacha aende wapi? Haya... haya... ahsante." Wenzake wakipita mlangoni walicheka mpaka wakashikana mabega, yeye hana habari nao. Kazi ikiisha alifungua daftari kubwa jeusi, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala upande: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya vipande vilivyounganishwa, na mwisho maoni. Kwenye maoni, mara nyingi, aliandika neno moja: Imependeza.

Ugonjwa huo ukamfuata hadi nyumbani. Jumamosi moja mkewe alirudi kutoka kumjulia hali dada yake, akakuta jiko limepangwa. Vifuniko vyote pamoja. Sufuria zote pamoja, mbali na vifuniko vyake. Chumvi, sukari, unga na sabuni ya unga, vyote vyeupe, vimesimama mstari mmoja kama wanafunzi. Na nafasi yote iliyobaki imekusanywa upande mmoja, kabati zima tupu, mlango wazi.

"Hili vipi?" mkewe akauliza.

"Hiyo nafasi ya vitu vitakavyokuja," akajibu kwa fahari.

Chai ya jioni ile ilitoka na povu, maana mkono wa mama wa watu ulikuwa umezoea kuchota sukari mahali pale ilipowekwa sabuni. Siku mbili hakusema na mumewe. Siku ya tatu alisema naye kwa sababu hakuona chujio.

Halafu ikaja kompyuta mpya. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, na haikuwa na sauti. Ile ya zamani ilikuwa ikifanya kazi inaguna kama mtu mzima anayebebeshwa mzigo, na Mzee Masjala alipenda kuguna kule. Hii mpya alianza kwa kuishuku. Lakini hakuwa mtu wa kuacha programu yake izikwe pamoja na kompyuta ya zamani, kama fundi alivyodhani imezikwa. Aliihamisha kwa flashi, akaiweka flashi mfuko wa shati, upande wa moyo, akangoja Alhamisi. Akabonyeza. Kazi iliyokuwa ikichukua mchana mzima ikaisha kwa dakika arobaini.

Mtu mwenye akili zake angefurahi, akanywa chai yake ikaisha. Mzee Masjala yeye akawaza: kama ni dakika arobaini tu, ya nini kungoja Alhamisi? Akaanza kupanga kila siku. Kisha mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kufungua kidirisha, na tena wakati wenzake wamekwenda kula. Na programu ilipomuuliza kama anataka kuunganisha vipande vilivyotawanyika tu, au kuhamisha kila kitu upya tangu mwanzo mpaka mwisho, eti aliona haya kuchagua uvivu. Akachagua kila kitu.

Miezi minane baadaye wakamletea karani mpya, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, ajifunze kazi aje kuishika mzee akistaafu. Aliletwa kwa majaribio ya miezi sita. Akifaa anathibitishwa, asipofaa anarudi kwao. Mzee Masjala alimpokea kwa mashaka. Alimwonyesha jinsi ya kushika faili kwa mgongo wake na si kwa masikio, jinsi ya kupitisha karatasi bila kulamba kidole, na jinsi ya kumwambia mwananchi mwenye hasira "subiri" ikasikika kama "karibu". Binti alishika yote. Mwezi wa pili alikuwa analiona faili kabla mzee hajamaliza kutaja namba yake. Mzee Masjala hakumsifu hata siku moja kwa mdomo, lakini alimruhusu kupanda ngazi, na waliomjua mzee walishtuka. Akajikuta pia anamwita mwanangu, bila kukusudia.

Siku moja binti alirudi mapema kutoka kula, akamkuta ameganda mbele ya vijumba vyake.

"Mzee," akasema taratibu, "hizi kompyuta mpya hazihitaji hicho kitu. Nasikia hata kinaziumiza."

"Mwanangu, kuna kitu gani duniani kinaumia kwa kupangwa?"

"Sijui, mzee. Chuoni ndivyo walivyotuambia."

"Chuoni," akasema Mzee Masjala, na jinsi alivyolitamka neno hilo, mazungumzo yakafa pale pale. Binti akachukua kitambaa akaenda kufuta rafu.

Basi. Jumatatu ya wiki ya mwisho ya majaribio ya binti, kompyuta ikagoma. Iliwaka vizuri, ikafungua kila ilichoombwa, lakini ukiiambia ihifadhi barua mpya inakataa. Ukiiambia tena inakataa tena. Fundi akaitwa, na Afisa Utawala akaja naye, jibaba la miaka arobaini na kitu, mpole siku za kawaida, ila siku hiyo uso umemkunjamana kwa sababu orodha ya viwanja vyote ilikuwa ndani ya mashine ile.

Fundi alikaa nusu saa akibonyeza na kusonya. Kisha akageuka.

"Orodha yenu ipo salama, nitaihamisha, msiwe na wasiwasi. Lakini diski imekwisha. Inakubali kusomwa, kuandikwa haitaki tena. Kinachonishangaza ni kwamba diski hii ilitakiwa ikae miaka minane, hata kumi. Ina miezi kumi na minne tu, na imeshaandikwa kupita uwezo wake wote. Kuna mtu anaijaza na kuifuta, anaijaza na kuifuta, kila siku ya Mungu."

"Mtu gani?" Afisa Utawala akauliza.

"Mimi nitajuaje? Wengine wanapakua sinema. Wanatazama, wanafuta, wanapakua nyingine."

Jicho la Afisa Utawala likazunguka chumba. Kwa Mzee Masjala halikusimama hata nukta, maana kila mtu alijua mzee huyu anachapa kwa kidole kimoja, na kwamba sinema ya mwisho aliyotazama haikuwa na rangi. Likatua kwa binti.

"Wewe ulikuwa unaifanyia nini hii kompyuta?"

"Kazi, bosi."

"Kazi gani inayokula diski?"

Binti akafungua mdomo. Akamtupia Mzee Masjala jicho moja la haraka, kisha akatazama sakafu. "Kazi tu, bosi."

"Ijumaa natakiwa nipeleke jina lako juu, niseme unafaa au hufai. Unajua?"

"Najua."

"Basi mpaka Ijumaa nitafutie jibu bora kuliko hilo." Akatoka, na mlango akaubamiza, wala hakuna aliyemkemea.

Mpaka hapo Mzee Masjala alikuwa hajashtuka. Kusema kweli alikuwa ameanza kutunga hotuba ya kumpa binti kuhusu sinema. Ila fundi alipokuwa anakusanya vifaa vyake, mzee akamuuliza, kwa kupitisha wakati tu: "Lakini fundi, mtu si angeiokoa kwa kuipanga? Kwa difragi?"

Fundi akacheka. "Hii? Mzee wangu, hii haina sahani inayozunguka, haina kisindano. Kipande kiwe hapa, kiwe kule, inakifikia kwa kasi ile ile. Ukiipanga hupati kitu, unaichakaza bure. Chukua karatasi, andika, futa kwa raba, andika tena, futa tena. Mwisho si inatoboka?"

Akabeba mkoba wake akaenda zake, hana hili wala lile.

Mzee Masjala alibaki amesimama. Wangemwambia kwa lugha ya kompyuta angebisha mpaka jioni, lakini mambo ya karatasi na raba aliyajua. Alikuwa ameona katika maisha yake karatasi ngapi zilizotobolewa na watu wasiojua kuacha kufuta! Akageuka kumtafuta binti. Binti alikuwa juu ya ngazi, amempa mgongo, anapanga mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangwa, na hapo mzee akaelewa kwamba binti huyu alijua tangu mwanzo, na kwamba mbele ya bosi alikuwa amemeza jibu kwa ajili yake.

Sasa kuna mtu atasema, jambo lenyewe si jepesi, aende akaseme? Jepesi kwako wewe. Mzee Masjala alikuwa na kitu kimoja alichojivunia kuliko nyumba yake: miaka thelathini na mmoja kazini, hajawahi kupata barua ya onyo hata moja. Alilisema hilo harusini, alilisema kwa kinyozi, aliwahi kumwambia daktari wa meno akiwa na pamba mdomoni. Ilikuwa imebaki miezi mitatu tu astaafu. Leo aende akaseme kwamba mtunza kumbukumbu ndiye aliyeua diski ya kumbukumbu? Tena kwa kuipenda?

Jumatatu ikapita, akanyamaza. Jumanne akajiambia angoje kwanza fundi afunge diski mpya, mtu hawezi kuongea kazi ikiwa imesimama. Jumatano kichwa kilimuuma, au alisema kinamuuma. Na siku zote hizo binti alikuja mapema, akasalimia, akafanya kazi, akamwekea mzee chai yake mezani kama kawaida, na chai ile akawa anaiacha inapoa.

Jumatano jioni mkewe akaweka kijiko chini. "Una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Huna kitu, na mboga unaila kabla ya kuipakua? Sema."

Akasema. Akasema yote, kuanzia flashi mpaka raba, huku anaitazama meza. Mkewe akacheka. Usimlaumu, hata wewe ungecheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akafuta machozi kwa kanga, akaanza upya. "Yaani na mashine nayo umeitilia sabuni kwenye chai!"

Kisha akaacha ghafla. "Na yule mtoto wa watu?"

"Ijumaa wanaamua."

"Kwao kuna nani?"

"Mama yake. Na wadogo zake wawili. Yeye ndiye wa kwanza kupata kazi."

Mkewe akakusanya sahani, moja juu ya nyingine, polepole. "Baba watoto, wewe unamaliza, yeye anaanza. Kesho usipokwenda kusema wewe, nitakwenda kusema mimi, na unanijua, mimi nikianza kusema siishii kwenye diski."

Alhamisi asubuhi Mzee Masjala alikuwa mlangoni kwa Afisa Utawala kabla hata ya mfagiaji kumaliza. Alikuwa amevaa shati lake la sherehe. Alikaribishwa kiti, akakikataa.

"Nimekuja kwa habari ya ile diski, bosi. Ni mimi."

Afisa Utawala akamtazama, kisha uso wote ukamlainika. "Mzee, mzee. Kaa."

"Sikai. Ni mimi niliyeiua."

"Nakujua wewe una huruma. Huyo mtoto umemlea humu kama bintiyo, hakuna asiyejua. Lakini usijitwike mzigo usio wako."

"Ni wangu! Nilikuwa naipanga!"

"Ndiyo, unazitunza mashine, tunakushukuru kwa hilo. Laiti ningekuwa na wazee kumi kama wewe."

Ebo! Mtu amepiga moyo konde siku tatu, amekosa usingizi, amevaa shati la sherehe, ameungama, halafu anasifiwa! Kadiri Mzee Masjala alivyojishtaki ndivyo alivyozidi kupanda cheo. Alipofika mahali Afisa Utawala anamwita baba wa ofisi, uvumilivu ukamwisha. Akatoka bila kuaga, akashuka ngazi, akarudi anahema, na lile daftari kubwa jeusi kifuani. Akalitua mezani juu ya karatasi nyingine zote.

"Soma."

Afisa Utawala akafungua, bado anatabasamu. Akasoma. Saa moja na nusu asubuhi, imeanza. Saa mbili na dakika kumi, imekwisha. Kila kitu kimehamishwa. Imependeza. Saa saba mchana, imeanza. Akafunua ukurasa. Akafunua kumi. Tabasamu likaanza kupungua lenyewe.

"Imependeza," akasoma kwa sauti. "Imependeza. Imependeza. Imependeza sana?"

"Hiyo siku mvua ilinyesha, hakuna mwananchi aliyenisumbua."

Afisa Utawala akachukua simu, akampigia fundi, akamsomea ukurasa mmoja mzima. Upande wa pili kikasikika kicheko kikubwa, kisha swali. "Mara mbili kwa siku," Afisa Utawala akajibu. "Ndiyo. Kila siku ya kazi." Kicheko kikakatika. Fundi akasema maneno mawili matatu, simu ikawekwa.

"Mzee, kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nilidhani naitunza," akasema Mzee Masjala. "Na yule binti alinionya. Kwa mdomo wake alinionya, nami nikamjibu kwa kiburi. Hilo nalo liandike. Usipoliandika nitaliandika mimi."

Afisa Utawala akafunga daftari taratibu. "Unajua itabidi nikuandikie barua."

"Usipoandika nitakushangaa," mzee akajibu. Ndipo akakikubali kile kiti.

Aliporudi masjala binti alikuwa kidirishani anamhudumia mwananchi. Mzee Masjala akangoja mpaka amalize.

"Mwanangu, kwa nini hukusema, ile Jumatatu?"

"Ningesemaje, mzee? Mbele ya watu?"

"Ungepoteza kazi."

Binti akafunga kidirisha. Alikuwa amekaza midomo kama mtoto anayekatazwa kulia, na Mzee Masjala akaona kwamba wiki nzima hii alikuwa akiogopa kweli kweli, huku akimwekea chai.

"Nisamehe," mzee akasema. Neno hilo hakuwa na mazoea nalo, likatoka limepinda. Kisha, kwa kuwa hakujua la kusema baada yake, akainamia kompyuta. "Na hii diski mpya waliyoweka, haipangwi kabisa?"

"Haipangwi, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata mara moja kwa mwaka, sikukuu?"

"Mzee!" Na binti akacheka, mara ya kwanza tangu kompyuta igome.

Ijumaa saa tisa tarishi alileta bahasha mbili. Moja ilisema kwamba karani amethibitishwa kazini kuanzia siku hiyo. Nyingine ilikuwa barua ya onyo, ya kwanza na bila shaka ya mwisho, kwa mtumishi wa miaka thelathini na mmoja.

Masjala ina sheria moja ambayo hata mkuu wa ofisi haivunji: mtumishi hashiki faili lake mwenyewe. La Mzee Masjala lilikuwa ndani ya kabati la chuma, hatua mbili kutoka kiti chake, ufunguo alikuwa nao yeye, na hajalifungua hata siku moja. Karatasi zake zilikuwa zikiwekwa na Afisa Utawala. Lakini sasa makarani walikuwa wawili, wote kamili, na juu ya bahasha Afisa Utawala alikuwa ameandika kwa kalamu: kila mmoja aweke ya mwenzake.

Mzee Masjala akatoa ufunguo, akampa binti.

"Geuka, mzee," binti akasema.

Akageukia ukuta. Akasikia kabati likifunguka, faili likivutwa, karatasi zikifunuliwa moja moja, nyingi, miaka yote ile ikipita nyuma ya mgongo wake. Akasikia kitobozi kikitoboa barua, kacha.

"Namba umeweka?"

"Nimeweka."

"Wino mwekundu?"

"Mwekundu."

"Juu, kulia?"

"Juu, kulia, mzee. Imekaa sawa."

"Haya. Nawe geuka."

Binti akageukia ukuta ule ule. Faili lake lilikuwa jipya, karatasi nne tu ndani. Mzee Masjala akaitoboa ile barua ya kuthibitishwa, akaipitisha, akainyoosha kwa kiganja, akaandika tano kwa wino mwekundu, juu, kulia. Kisha akaisoma, ingawa hakulazimika. Akaisoma tena.

"Umemaliza, mzee?"

"Bado. Ngoja wino ukauke."

Wino wa kalamu ile hukauka papo hapo, na binti alilijua hilo, maana ni mzee mwenyewe aliyemfundisha. Lakini alibaki ametazama ukuta mpaka mzee alipomaliza kulia.